Steringi Aliyetupa Upanga

Mwisho wa The Force Awakens, filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka 2015, msichana aitwaye Rey anapanda ngazi za mawe kwenye kisiwa kilicho katikati ya bahari. Juu kabisa anamkuta mzee mwenye ndevu, amempa mgongo. Mzee anageuka. Ni Luke Skywalker, yule kijana wa filamu ya mwaka 1977, sasa mvi zimemjaa. Rey anamnyooshea upanga wake wa zamani, ule wa mwanga. Muziki wa John Williams unapanda, filamu inakwisha, na mashabiki wanaachwa miaka miwili wakisubiri aupokee.

Desemba 2017, katika The Last Jedi, akaupokea. Akautazama kidogo, akautupa nyuma ya bega kama ganda la muwa, akajiondokea.

Ugomvi ulianzia hapo na mpaka leo haujaisha. Filamu hiyo, iliyoandikwa na kuongozwa na Rian Johnson, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani kote. Wahakiki waliipenda: kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes, katika kila kumi kati yao, kama tisa waliipitisha. Kwenye ukurasa huohuo, alama za watazamaji waliojitokeza kupiga kura zilikuwa chini ya nusu. Zaidi ya watu 100,000 walitia saini ombi la kuitaka kampuni ya Disney iifute filamu hii katika orodha rasmi ya hadithi za Star Wars, ihesabiwe kuwa haikutokea. Hata Mark Hamill, aliyemwigiza Luke tangu mwanzo, alieleza hadharani kwamba hakukubaliana na jinsi Johnson alivyomwandika mhusika wake. Baadaye alisema anajuta, kwamba mambo ya aina hiyo yalipaswa kubaki baina yao wawili.

Mimi si shabiki wa kiapo. Sina kofia ya Darth Vader, sikariri aina za vyombo vya angani, na mtu akinihoji kuhusu sayari ya saba kutoka hapa na pale nitabadilisha mada. Nazipenda filamu hizi kama wanavyozipenda watu wengi: nimeziona, baadhi nimezirudia, nimefurahi. Kwa nafasi hiyo ya mtazamaji wa kawaida nasema kwamba waliokasirika wana hoja hapa na pale, lakini kwenye shtaka lao kubwa, kwamba Johnson alimharibu Luke, hawana kesi. Luke wa 2017 ni yuleyule wa 1983. Wao ndio waliokuwa wamembadilisha vichwani mwao katika miaka thelathini ya kumsubiri.

Na watazamaji wa kawaida hatuko peke yetu kama inavyodhaniwa. Kuna kampuni ya Marekani iitwayo CinemaScore ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwagawia watu kadi pale ukumbini usiku filamu inapofunguliwa, waipe daraja kabla hawajafika nyumbani. The Last Jedi ilipata A. Hao ni watu waliolipa tiketi na kukaa dakika 152 kwenye kiti. Kura za mtandaoni zinapigwa na yeyote, hata aliyeamua kuichukia kabla taa hazijazimwa.

Tuanze na kisiwa, maana watu husahau nani alimpeleka Luke huko. Si Johnson. Ni J.J. Abrams na waandishi wenzake wa The Force Awakens. Katika filamu ile Han Solo anaeleza kwamba Luke alikuwa akifundisha kizazi kipya cha wapiganaji wa Jedi, mwanafunzi mmoja akamgeuka na kuteketeza kila kitu, Luke akajilaumu, akatoweka. Wakati huohuo dada yake, Leia, anapigana vita, rafiki yake Han anauawa na mwanawe mwenyewe, na mji mkuu wa Jamhuri mpya unalipuliwa pamoja na sayari zinazouzunguka. Luke hayupo. Hivyo ndivyo hadithi ilivyokabidhiwa kwa Johnson: shujaa mkubwa kuliko wote amejificha huku ndugu zake wakichinjwa.

Sasa wewe ungemwandikaje? Kama hajui kinachoendelea, ni mjinga. Kama anajua na anaogopa, ni mwoga. Kama alikuwa anakusanya nguvu za siri kwa miaka yote hiyo huku watu wakifa, huyo ni mkatili. Ilibaki njia moja ya heshima: aamini kwa dhati kwamba kutokuwapo kwake ndiyo huduma ya mwisho anayoweza kuutolea ulimwengu. Kwamba Jedi, pamoja na kanzu zao na vitabu vyao, ndio waliomlea Vader, baba yake, kisha yeye akamlea mwingine, na kwa hiyo mlolongo ukatwe. Anaweza kuwa amekosea, na filamu inaonyesha wazi kwamba amekosea. Ila ni kosa la mtu mwenye dhamiri.

Wala si jambo geni katika hadithi hizi. Obi-Wan aliposhindwa kumwokoa mwanafunzi wake alikwenda kuishi jangwani Tatooine. Yoda aliposhindwa na Mfalme mwovu wa galaksi alikwenda kuishi kwenye kinamasi cha Dagobah, anakula supu na kuzungumza na vyura. Walimu wote wawili wa Luke walikuwa wakimbizi wa kushindwa kwao wenyewe. Angejifunza wapi njia nyingine?

Shtaka zito zaidi ni la kile kibanda. Tunaelezwa kwamba usiku mmoja Luke aliingia alimolala mpwa wake, Ben Solo, akahisi giza lililokuwa likikua ndani ya kijana, na kwa kitambo kidogo akawasha upanga. Akajuta papo hapo. Lakini Ben alikuwa ameshafumbua macho. Kwa mashabiki hapa ndipo filamu ilipomsaliti Luke: mtu aliyeona wema ndani ya Darth Vader angewezaje kufikiria kumuua mtoto wa dada yake akiwa usingizini?

Na kwetu uzito wake ni mkubwa zaidi. Katika nyumba nyingi za Uswahilini, na za bara pia, mjomba ndiye kimbilio. Mtoto akigombana na baba, mlango wa mjomba uko wazi. Mjomba aliyesimama juu ya kitanda chako na panga ni jinamizi ambalo halihitaji maelezo. Ndiyo maana kisa kile kinachoma, na kiliandikwa ili kichome.

Lakini irudie Return of the Jedi, ya mwaka 1983. Luke yuko mbele ya Mfalme, amekataa kupigana, amejificha gizani. Vader anamtishia kwa sentensi moja tu: kama wewe hutaki kugeuka, huenda dada yako atageuka. Luke analipuka. Anamshambulia baba yake kama mtu aliyepandwa na wazimu, anampiga mpaka anaanguka, anamkata mkono. Kisha anautazama mkono ule wa mashine uliokatwa, anautazama wake ulio na glovu, anaelewa anakoelekea. Anarudi nyuma. Anautupa upanga.

Tabia ya Luke ilikwisha andikwa hapo zamani: anawapenda watu wake kiasi kwamba hofu ya kuwapoteza humwashia upanga kabla ya akili kufika, kisha akili hufika. Mwaka 1983 ilimchukua pigo baada ya pigo na mkono mzima wa baba yake. Kule kibandani ilimchukua kufumba na kufumbua. Huyo ni mtu aliyekuwa amekomaa. Bahati mbaya tu ni kwamba safari hii aliyekuwa mbele yake alikuwa mtoto, na mtoto aliona.

Johnson anakisimulia kisa hicho mara tatu. Kwanza Luke anamsimulia Rey akificha habari ya upanga. Kisha Ben, ambaye sasa anajiita Kylo Ren, anasimulia jinsi alivyoiona sura ya mjomba wake imejaa uuaji. Mwisho Luke anasema kweli. Waliowahi kuona Rashomon, filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1950, watautambua mtindo huo mara moja. Na si wizi wa kigeni ndani ya nyumba ya Star Wars: George Lucas, mwasisi wake, alikiri kwamba filamu ya kwanza ya mfululizo huo ilichota kutoka The Hidden Fortress, kazi ya Kurosawa ya mwaka 1958. Johnson alirudi kwenye kisima kilekile, akachota ndoo nyingine.

(Nikiwa bado kwenye Return of the Jedi, Wakenya wana haki ya kutamba kidogo. Yule rubani msaidizi mwenye mashavu ya kuning'inia, Nien Nunb, anayekaa kando ya rubani Lando vita vya mwisho vikipiganwa, sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani wakati huo, na maneno yake ni ya lugha za Kenya. Dunia nzima iliamini ni lugha ya sayari ya mbali. Katika filamu hizi mpya naye Lupita Nyong'o ni Maz Kanata, kiumbe mwenye miwani mikubwa na umri wa zaidi ya miaka elfu. Kwenye The Last Jedi anatokea kidogo tu, akipokea simu huku risasi zinamiminika. Wangempa zaidi.)

Tuje kwenye mwisho, kwenye sayari ya Crait, mahali ambapo chumvi nyeupe imefunika udongo mwekundu na kila hatua inaacha alama kama ya damu. Mabaki ya jeshi la Leia yamekwama ndani ya ngome ya zamani. Nje, Kylo Ren amejipanga na mizinga. Luke anatokea, anambusu dada yake kwenye paji la uso, anatoka peke yake kulikabili jeshi zima. Kylo anaamuru bunduki zote zifyatuliwe kwa mtu mmoja. Moshi unapotulia, Luke anajipangusa bega. Wanapigana, ila mtazamaji makini anaanza kuona vitu: ndevu zake zimekuwa nyeusi kuliko zilivyokuwa kisiwani, upanga alioushika ni ule uliovunjika vipande viwili muda mfupi uliopita, na nyayo zake haziachi wekundu kwenye chumvi. Hayupo pale. Yuko kisiwani, amekaa juu ya jiwe, amejituma kwa roho kutoka upande mwingine wa galaksi. Hakurusha pigo hata moja. Aliwapa wenzake muda wa kutoka kwa mlango wa nyuma, na juhudi ile ikamuua.

Wapo waliotaka aje mwenyewe, na mwili wake, azing'oe mashine zile kwa mikono. Nawaelewa. Lakini msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kutoshangaa. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Fumo Liyongo anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa na sultani wa Pate. Liyongo anatoka na upinde wake, anapiga goti karibu na kisima, anautega mshale, anakata roho katika hali hiyo. Mji mzima unakosa maji. Hakuna anayethubutu kusogea, kwa sababu umbo la Liyongo limekaa pale na mshale umetegwa. Maiti moja iliuzuia mji kuteka maji. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba Liyongo alivunjiwa heshima kwa kuwa siku ile hakuua mtu. Kinyume chake, ndicho kisa kinachokumbukwa zaidi. Johnson, bila shaka bila kumjua Liyongo, alifika mahali palepale: shujaa mkubwa hufika siku ambapo umbo lake peke yake linatosha, na jamaa aliyemsaliti anabaki akipigana na hewa.

Kuhusu wazazi wa Rey sina maneno mengi, maana kwangu huu ndio uamuzi bora wa filamu nzima. Kwa miaka miwili watu walipiga hesabu: ni binti wa Luke, ni mjukuu wa Obi-Wan, ni nani. Kylo Ren anamwambia kile ambacho moyoni alikwisha kijua: wazazi wake walikuwa wachuuzi wa vyuma chakavu, wakamuuza wapate pesa ya pombe. Si binti wa mtu yeyote. Katika hadithi ambayo tangu 1980 ilikuwa imegeuka kuwa kesi ya ukoo mmoja, ghafla kipaji kikaangukia mtu asiye na jina. Sisi tuliozoea kuona majina ya baba yakirudi kwenye karatasi za kura tungepaswa kushangilia kwa kusimama.

Na wanaosema mashabiki wa zamani wasingefanyiwa mchezo kama huo, wakumbuke kilichotokea katika filamu ya 1980. Vader alipomwambia Luke kwamba yeye ndiye baba yake, wengi hawakuamini. James Earl Jones, aliyempa Vader sauti, alieleza kwamba aliposoma mstari huo alidhani Vader anadanganya. Watoto walibishana miaka mitatu hadi filamu iliyofuata ikathibitisha. Leo ni kisa kitakatifu. Hata Snoke, yule kiongozi mwovu aliyekatwa vipande viwili katikati ya The Last Jedi kabla hatujaambiwa alitoka wapi, analalamikiwa kana kwamba ni jambo jipya. Mfalme wa zile filamu tatu za kwanza naye alitumbukizwa shimoni bila wasifu, na hakuna aliyeandamana.

Kilichowachanganya wengi zaidi, nadhani, ni Poe Dameron wa jeshi la Leia. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria: steringi hafi, na steringi akikataa amri ya mkubwa wake, ujue steringi ndiye mwenye akili. Poe ana kila sifa. Ni mzuri wa sura, rubani hodari, ana majibu ya haraka. Anamwona Makamu Admirali Holdo, mama mwenye nywele za zambarau aliyechezwa na Laura Dern, anadhani ni mwoga, anapanga njama nyuma yake, anawatuma wenzake Finn na Rose wakamtafute mvunja mitambo. Mtazamaji anasubiri steringi athibitike. Badala yake njama ile inavuja kwa adui, na watu wengi wa upande wake wanalipuliwa ndani ya vyombo vyao. Holdo alikuwa na mpango tangu mwanzo.

Ungeweza kusema angemweleza tu. Kweli. Lakini afisa aliyekwisha shushwa cheo siku ileile kwa kupoteza ndege zote za mabomu ana haki gani ya kuelezwa siri? Kisha Holdo anabaki peke yake kwenye meli, anaigeuza, anaipigisha mbio za mwanga katikati ya meli kubwa ya adui, na sauti yote inakatika. Ukimya wa sekunde kadhaa. Huko Marekani kuna ukumbi uliobandika tangazo kuwaambia wateja kwamba spika hazijaharibika.

Sehemu ya kasino, Canto Bight, ni ndefu na inachosha, na Finn, askari mtoro ambaye John Boyega alimpa uhai mwingi kwenye filamu iliyotangulia, alistahili kazi ya maana zaidi kuliko kupanda farasi wa kigeni. Hilo nalikubali bila kusukumwa. Wale ndege wa macho makubwa nao, maporg, nawavumilia: kisiwa cha Luke kilipigwa picha Skellig Michael, nje ya pwani ya Ireland, hifadhi ya urithi wa dunia ambako watawa waliishi karne nyingi zilizopita, na ndege wa huko walikuwa wengi kiasi kwamba ilikuwa rahisi kuwageuza viumbe wa hadithi kuliko kuwaondoa kwenye picha.

Sehemu moja ya ugomvi huu haihusu hadithi hata kidogo. Kelly Marie Tran, aliyeigiza kama Rose, Mmarekani mwenye asili ya Vietnam na mwanamke wa kwanza asiye Mzungu kupewa nafasi kubwa namna hiyo katika filamu hizi, alitukanwa mtandaoni kwa rangi na umbo lake mpaka Juni 2018 akafuta picha zake zote Instagram. Miezi michache baadaye aliandika kwenye New York Times jinsi maneno yale yalivyomfanya ajione. Si kila aliyeichukia filamu alishiriki, wengi walikuwa na hoja za kweli na tumezijadili hapa. Ila walioshiriki walipata walichotaka, maana katika The Rise of Skywalker, ya mwaka 2019, Rose alibakiziwa kama dakika moja na kidogo.

Filamu hiyo, Abrams alipoirudia kazi, ilipita ikifuta kila kitu. Rey ghafla akawa mjukuu wa Mfalme. Kivuli cha Luke kikaudaka upanga uliotupwa na kukemea kwamba silaha ya Jedi iheshimiwe, ombi la radhi lililotolewa katikati ya filamu. Iliingiza dola bilioni 1.07, pungufu ya ile iliyokuwa ikiombewa radhi, na nusu tu ya wahakiki waliipitisha. 

Mwezi mmoja kabla ya The Last Jedi kutoka, kampuni ya Lucasfilm ilikuwa imetangaza kwamba Johnson angetengeneza filamu tatu mpya za Star Wars, zenye wahusika wengine kabisa. Hazijatengenezwa. Yeye alikwenda kuandika Knives Out, hadithi ya mpelelezi iliyotoka 2019, ambamo mtazamaji anaonyeshwa mapema mno kilichomuua mzee, kisha anazungushwa mpaka mwisho. Kule hakuna aliyeandika ombi la kuifuta.